Mpaka Alioupanda Mama

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Hamburg.

Mawingu yamekaa chini tangu asubuhi, na mvua haijaamua kama ni mvua au ni ukungu. Ni hali ya hewa ya nyumbani, ukiondoa baridi. Nina miaka tisini. Miaka sitini na miwili kati ya hiyo nimeishi mbali na Upare, kwa hiyo Myamba, kijiji chetu cha mlimani, ilinipata miaka ishirini na minane tu. Hata hivyo, nikiota ndoto, naota kwa Chasu, lugha yetu Wapare.

Leo nimeamka na fahari kifuani, na fahari hiyo imenisumbua siku nzima.

Sababu ni Nakijwa, binti wa marehemu mdogo wangu. Ana kitalu cha maua pale Same mjini, kando ya barabara kuu. Anauza miche kwa wanaojenga nyumba mpya na kwa wasafiri wanaoshuka kwenye mabasi kunyoosha miguu. Lakini Same ni kavu. Upepo wa tambarare hukausha jani likiwa bado kwenye kikonyo, na maji ya kisima yana chumvi. Jana jioni alinipigia simu kunieleza kwamba anataka kukuza mimea ya ndani ya nyumba kule juu Myamba, kwenye kivuli na ukungu, kisha aishushe mjini ikiwa imeshika. Mahali anapopataka ni kishamba changu cha juu, kilicho karibu na ndiva, lile bwawa dogo la ukoo linalokusanya maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe asubuhi.

Kishamba hicho ni urithi wangu kutoka kwa mama, na ukoo umenitunzia miaka yote hii. Wazee wamemwambia Nakijwa kwamba hawawezi kumkabidhi mpaka nirudi mwenyewe, au niseme kwa kinywa changu kwamba sirudi.

"Baba mkubwa, mimi sikufukuzi," aliniambia. "Nataka tu kujua nichimbe mashimo au nisichimbe."

Nilimwomba anipe hadi kesho. Hiyo kesho ndiyo leo.

Nilimuuliza ataanza na mmea gani. Akasema ataanza na masale, kwa sababu watu wa hoteli wanayaulizia sana. Nikacheka peke yangu baada ya simu kukatika. Kishamba kile kikianza kuotesha masale ya kuuza, mama atageuka kaburini, na nadhani atageuka kwa furaha.

Kwa asiyejua: sale ni mmea wa majani marefu yanayong'aa, shina lake jembamba na lenye pingili kama muwa. Asili yake ni chini ya miti mikubwa ya misitu ya milimani, Afrika nzima ya kitropiki, na kwetu lipo tele. Halipendi jua la uso kwa uso. Linapenda mwanga uliochujwa na majani ya wengine, hewa yenye unyevu, na udongo unaolowa bila kutuamisha maji. Maua yake meupe hufunguka jioni na harufu yake ni tamu hadi inachosha. Katika nyumba za Ulaya huishi miaka mingi bila kutoa ua hata moja.

Nimeyaona masale hapa katika benki, katika ofisi za mawakili, katika vyumba vya kungojea madaktari. Yanauzwa na kikaratasi kinachosema yapewe maji kidogo na yasiwekwe kwenye baridi. Maelezo ni sahihi. Ningeongeza tu kwamba maji ya bomba huchoma ncha za majani yake, na kwamba maji ya mvua ni bora zaidi.

Si hayo tu. Yale maua madogo ya zambarau ambayo wazee wa hapa huyaweka dirishani, Wajerumani huyaita urujuani wa Usambara. Asili yake ni mawe yenye kivuli na maji yanayotiririka, ng'ambo ya pili ya bonde kutoka kwetu. Bibi mwenye pochi hulitamka neno Usambara dukani bila kujua ni wapi. Lile jingine lenye shina la maji, linalochanua bila kupumzika, wanaliita Lisi Mchapakazi. Nimelikanyaga mara nyingi utotoni kando ya vijito. Wasambaa wamepata jina. Sisi Wapare hatukutajwa, lakini mimea yetu imekaa kwenye madirisha hayo hayo.

Nikiri kwamba jambo hili linanipa majivuno ambayo hayafai kwa mzee.

Enzi za Mwingereza mambo yalikuwa kinyume. Nilikuwa mwalimu kijana Same, na nyumba ya bwana DC ilikuwa na bustani iliyopendwa na mke wake. Alitaka mawaridi ya kwao. Yalikufa, akaleta mengine, nayo yakafa. Kilichomkubali ni bogenvilia, ambayo nayo ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, ila hutoka sehemu zenye kiangazi kirefu, kwa hiyo Same iliifaa. Siku moja mtunza bustani wake akamletea sale kutoka mlimani, akalipanda kwenye debe na kuliweka barazani, karibu na mlango, penye kivuli. Yule mama alilipenda mno.

Wiki ile wazee kadhaa waliteremka kuja kuonana na DC. Walipofika barazani wakasimama. Hakuna aliyetaka kulipita lile debe. Kwetu sale halisimamishwi ovyo: hupandwa mpakani, hupandwa kaburini, na jani lake hupelekwa kwa mtu uliyemkosea, unapomwomba radhi. Wakaulizana kwa Chasu, kwa sauti ya chini, bwana DC amemkosea nani. Mmoja akajibu kwamba akianza kutuomba radhi sote, debe moja halitoshi.

Lakini ninayetaka kumwandika leo ni mama yangu, Namkunda.

Baba alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake, baba mdogo Elieza. Babu alipogawa shamba, baba alikuwa mbali akikata mkonge. Babu alikuwa ameanza kupoteza macho, hivyo alimwita mama, ambaye bado alikuwa mke mgeni, akamshika mkono na kutembea naye kutoka kwenye ndiva hadi kwenye jiwe kubwa la chini, akimwambia hapa, na hapa, na hapa. Mama akatoboa udongo kwa mti na kuchomeka vipande vya masale. Kazi hiyo kwa desturi ilikuwa ya wanaume, mbele ya wazee. Lakini babu alikuwa hai, na hakuna aliyebisha.

Wakaja kubisha baadaye. Babu alifariki. Baba naye alirudi na kikohozi kutoka kwenye lile kusanyiko kubwa la Same, watu wa milimani walipoteremka kuipinga kodi ya mbiru, na kikohozi hicho hakikumwacha. Mama akabaki na watoto, kahawa, migomba, na mstari wa masale.

Baba mdogo Elieza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi, shamba lake lilikuwa na mteremko mkali, na kanisani aliimba besi ambayo ilitikisa benchi. Alikiona kishamba cha juu, karibu na maji, kikilimwa na mjane, akaona hakutendewa haki. Akaanza kusema kwenye dengelua, pombe yetu ya miwa, kwamba mpaka uliopandwa na mwanamke si mpaka. Ni bustani.

Neno hilo likapendwa. Watu wakawa wakimkuta mama njiani wanamwuliza bustani yake inaendeleaje.

Jumapili moja ya mwisho wa kiangazi, watu wakiwa kanisani, besi ya Elieza haikusikika. Mama alisema baadaye kwamba aliisikia ile nafasi tupu katikati ya wimbo. Aliporudi nyumbani, mstari wote wa masale haukuwepo. Udongo ulikuwa umelimwa laini na magimbi yamechomekwa juu yake.

Alimwendea Elieza na kumuuliza masale yake yako wapi.

"Masale gani, shemeji?" akajibu.

Habari ilinifikia Same kwa mtu aliyeshuka kuuza ndizi. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nilikuwa na viatu na kalamu, na nilitaka kwenda Bomani siku ile ile. Mama alituma neno kwamba nisiende. Bomani wangetaka karatasi, na yeye karatasi hakuwa nayo. Alikuwa amewaomba wazee wa ukoo waje wakae shambani, nao wamesema watakaa baada ya mvua za vuli. Nikangoja. Sikuwa na matumaini. Elieza alikuwa mwanamume, alikuwa mtoto wa babu, na walioweza kumtetea mama walikuwa babu na baba, wote wawili chini ya udongo.

Kama angeshindwa, tungepoteza kahawa yote ya juu na zamu yetu ya maji. Mdogo wangu, baba yake Nakijwa, angeacha shule. Mama hakulisema hilo. Alilima tu, akiipa mgongo nyumba ya Elieza.

Nilipanda nyumbani likizo ya Desemba, na wazee wakaja. Aliyewaongoza alikuwa mzee Daudi, binamu wa babu, mwembamba, mwenye fimbo na utani mwingi. Mama alieleza maneno yake kwa kifupi. Elieza akaeleza yake kwa kirefu, kisha akamalizia kwa kusimama katikati ya magimbi yake.

"Wazee, tafuteni," akasema. "Mkipata hata mzizi mmoja wa sale hapa, shamba lichukueni."

Wakatafuta. Hawakupata. Niliona mabega ya mama yakishuka kidogo, na hilo sikuwahi kuliona kabla.

Mzee Daudi akaomba ruhusa kwenda kujisaidia. Akaingia kwenye migomba ya Elieza, kuelekea kwenye mtaro wa zamani ambao huchukua maji yanayofurika kutoka kwenye ndiva. Akakawia. Tukaanza kudhani ameanguka. Kisha tukasikia sauti yake.

"Elieza, mwanangu, njoo unisaidie kuhesabu."

Tukaenda wote. Kando ya ule mtaro, ndani kabisa ya shamba la Elieza, yalikuwa yamesimama masale machanga. Yalikuwa yamenyooka kama mikuki, yakimeta kwa unyevu, moja baada ya jingine, kwenye mstari ulionyooka kuliko hata ule wa mama.

Elieza hakuwa amethubutu kuyachoma, kwa sababu moshi ungeonekana. Hakuyatupa bondeni, kwa sababu wachunga mbuzi wangeyaona. Aliyalaza kwenye kingo za mtaro, akayafukia kwa udongo kidogo, akafunika kwa majani ya migomba. Kivuli kilikuwepo. Maji yalipenya pole pole kila usiku. Mtu aliyesomea kilimo asingeyapatia masale mahali pazuri zaidi.

"Umeyapanda lini haya?" mzee Daudi akamuuliza.

"Sikuyapanda, mzee."

"Basi yameteremka yenyewe kutoka msituni, yakajipanga mstari."

"Labda yalikuwa yanakwenda kanisani," mzee mwingine akasema. "Jumapili ile, nafasi ya besi ilikuwa wazi."

Hakuna aliyecheka kwa sauti, na hilo lilimuumiza Elieza zaidi. Akasema alitaka yaoze. Mzee Daudi akatikisa kichwa. Akamwambia kwamba sale halizikwi. Anayezika sale amepanda.

Hapo ndipo watu wote walipoelewa ugumu wa jambo. Kwa desturi, sale lililoshika haling'olewi. Mstari uliosimama ndio mpaka. Na mstari huu ulikuwa umesimama ndani ya shamba la Elieza, ukikata nusu ya kahawa yake. Mkewe alilielewa kabla yake. Alikaa chini pale pale penye tope, akaanza kulia.

Wazee wakamgeukia mama. Angesema neno moja tu, angechukua vyote. Mimi, mwalimu mwenye viatu, nilikuwa nikimwombea alitamke.

Mama akauliza.

"Wazee, mpaka uliopandwa na mwanamke ni mpaka au ni bustani?"

Mzee Daudi akamtazama Elieza, akatazama fimbo yake.

"Ni mpaka," akasema.

"Na huu uliopandwa na mwanamume?"

Kicheko kilianzia kwa mke wa Elieza, pale pale kwenye tope, machozi yakiwa bado usoni. Kikawapitia wazee, kikanifikia mimi. Mzee Daudi alilazimika kuegemea mgomba.

"Huu, mwanangu," akasema, "huu ni bustani."

"Basi aitunze," mama akasema. "Mimi nipeni changu."

Wakampa chake, kutoka kwenye ndiva hadi kwenye jiwe. Elieza akaambiwa alete jani la sale aombe radhi. Akageuka huku na huku, akachuma kwenye mtaro, kwani hapakuwa na jingine karibu, akalifunga fundo, akalipeleka kwa mikono miwili. Mama akalipokea.

"Umeniletea langu, shemeji," akamwambia.

Kisha akampa mkono. Siku ile ile walikata vipandikizi pamoja, yeye na Elieza, wakapanda upya mpaka wa zamani, Elieza akitoboa mashimo na mama akimwambia hapa, na hapa, na hapa. Jumapili iliyofuata besi ilirudi. Yale ya mtaroni yaliachwa yakue, na watoto wa Elieza walilelewa wakiitwa watoto wa bustani. Hawakuchukia. Mmoja wao ndiye aliyebeba jeneza la mama kwa upande wa kichwani. Mimi sikuwepo.

Nilikuja Ujerumani kusoma mambo ya mimea, miaka miwili baada ya uhuru, na kazi yangu hadi kustaafu ilikuwa kwenye nyumba za vioo, kati ya mimea ya nchi za joto. Wiki ya kwanza msimamizi wangu alinionyesha namna bora ya kuzalisha masale. Huchukui kipande ukakisimamisha, alisema. Unalilaza shina zima kwenye mfereji mdogo, unalifukia kwa udongo kidogo, unaweka kivuli, unyevu, na joto. Kila pingili itatoa chipukizi. Alishangaa kuniona nacheka hadi nashika meza. Kijerumani changu hakikutosha kumweleza kwamba mbinu hiyo niliwahi kuiona, na kwamba aliyeivumbua kwetu alikuwa akiiba shamba.

Nimezalisha masale kwa njia hiyo maisha yangu yote ya kazi. Sijui ni mangapi. Yamo katika nyumba za watu ambao sitawajua kamwe. Kila niliposhindilia udongo juu ya shina, nilijivunia yule mwanamke aliyeweza kuchukua shamba la mwenzake na akachukua la kwake tu.

Sasa ni saa kumi alasiri na giza linaanza.

Kwa miaka mingi, kila mtu wa nyumbani aliponiuliza nitarudi lini, nilijibu mwakani. Haukuwa uongo, niliamini. Lakini magoti yangu hayapandi tena ngazi za kituo cha treni, sembuse mlima. Mke wangu amezikwa hapa, na nafasi iliyo kando yake imeandikwa jina langu. Binti zangu wawili wako hapa. Ardhi iliyopiganiwa vile haistahili kukaa ikimngoja mtu asiyekuja, ikaota vichaka kwa heshima yake.

Nimempigia Nakijwa dakika chache zilizopita. Kwao ilikuwa saa kumi na mbili jioni, nikasikia sufuria. Alikuwa anapika makande.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Chimba mashimo."

Nilisikia kijiko kikiwekwa chini. Nikamwambia awaite wazee, aniweke kwenye simu kwa sauti kubwa ili wote wanisikie nikisema, kisha mpaka mpya kati ya kishamba na shamba la watoto wa Elieza aupande yeye mwenyewe, kwa mkono wake, wazee wakiangalia. Akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kutoka kwake, kama wazee watakubali upandwe na mwanamke. Nikamwambia jambo hilo lilikwisha kuamuliwa kabla hajazaliwa.

Akacheka. Kisha akalia kidogo, na mimi nikamngoja.

"Kwa hiyo huji, baba mkubwa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno marefu, lakini hayakuhitajika. Nilimjibu kama ninavyoandika hapa, ili nami nisome kesho asubuhi na nisijidanganye.

Sitarudi Myamba.